Kichomi Kimekwisha, Pumzi Haijarudi

Mdogo wangu ni fundi seremala. Karakana yake iko Ipogolo, bondeni, na nyumba yake iko juu, Iringa mjini. Kwa miaka mingi alikuwa akifunga karakana jioni na kuupanda ule mlima kwa miguu, huku daladala zikimpita zinaunguruma kwa gia nzito. Kipupwe kilichopita alishikwa na nimonia, ile ambayo wazee wetu huiita kichomi. Akalazwa siku tisa, nne kati ya hizo akiwa kwenye oksijeni. Wiki tatu baada ya kuruhusiwa akaamua kuujaribu mlima wake. Hakuivuka kona ya kwanza. Nilimkuta ameshika magoti kando ya mtaro, mabega yanapanda na kushuka, na alipopata sauti akaniuliza: "Kaka, homa imeisha, dawa nimemaliza, daktari kasema picha ya kifua inaendelea vizuri. Sasa hii pumzi imeenda wapi?"

Mimi ni mwalimu wa michezo, si daktari. Jibu nililompa siku ile, kwamba akalale tu mpaka nguvu zirudi, lilikuwa na makosa. Ninayoyaandika hapa nimeyapata baadaye, kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, aliyemhudumia, kwa kusoma, na kwa kutembea naye asubuhi baada ya asubuhi. Nayaandika kwa sababu huku kwetu nyanda za juu kuna watu wengi wanaotoka wodini wakiwa hai, wakashukuru Mungu, kisha wakaachwa peke yao na swali hilohilo.

Tuanze na mapafu yenyewe. Ndani yake mna vifuko vya hewa, mamia ya mamilioni, kila kimoja kidogo kuliko punje ya ulezi. Kuta zake ni nyembamba mno, oksijeni hupenya na kuingia kwenye damu. Vijidudu vikishavamia, mwili hujibu kwa kumimina maji na chembe nyeupe za damu mle ndani, na vifuko vya sehemu ile hujaa usaha. Ndiyo maana eksirei huonyesha weupe mahali palipotakiwa kuwa peusi. Antibiotiki huua bakteria, na kwa wagonjwa wengi homa hushuka ndani ya siku chache. Lakini dawa haifagii. Mafuriko yakipita kijijini, maji huondoka na tope hubaki ndani ya nyumba, na mwenye nyumba ndiye wa kulitoa, koleo kwa koleo. Mapafu nayo husafishwa na chembe za mwili wenyewe, na kazi hiyo huchukua wiki nyingi. Kama utando unaoyafunika mapafu nao ulivimba, ule mchomo wa ubavuni unaokupata ukivuta pumzi ndefu unaweza kubaki baada ya mengine kutulia.

Taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya matibabu, NICE, imetoa ratiba ambayo naipenda kwa sababu inamtuliza mgonjwa bila kumdanganya. Inahesabu tangu matibabu yaanze. Ikifika wiki 1, homa iwe imekwisha. Wiki 4, maumivu ya kifua na makohozi yawe yamepungua sana. Wiki 6, kikohozi na kukosa pumzi viwe vimepungua sana. Miezi 3, dalili nyingi ziwe zimeondoka, ingawa uchovu unaweza kuwa bado upo. Miezi 6 ndipo watu wengi hujisikia wamerudi kama walivyokuwa. Sasa mweke mdogo wangu kwenye ratiba hiyo: siku alipoupanda mlima alikuwa mwanzoni mwa wiki ya tano tangu aanze dawa. Kwa mwendo wa ugonjwa wenyewe hakuwa na tatizo lolote. Alikuwa amefika mlimani mapema mno.

Lakini mapafu ni sehemu tu ya jibu, na hapa ndipo wengi tunapopotea. Pumzi inapokata tunashika kifua, tunalaumu kifua, tunakipaka dawa. Kumbe sehemu kubwa ya pumzi ile ilipotelea miguuni.

Mwaka 1966 huko Dallas, Marekani, watafiti waliwachukua vijana watano wa miaka 20, wazima kabisa, wakawalaza kitandani wiki tatu. Hapakuwa na homa wala kikohozi, ni kulala tu. Walipoinuka na kupimwa, uwezo wa juu kabisa wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa zaidi ya robo. Miaka 30 baadaye watafiti waliwatafuta watu walewale, sasa wana miaka 50 na vitambi, wakawapima tena. Miaka 30 ya kuzeeka ilikuwa imewapunguzia uwezo kidogo kuliko zile wiki tatu za kitandani. Nilipomsomea mdogo wangu habari hii alinyamaza, kisha akasema, "Na mimi nililala nikiwa naumwa."

Ndiyo hivyo. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 2007 uliwalaza wazee wenye afya siku 10, na kwa wastani kila mmoja akapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Ongeza homa kali, ambayo huuchoma mwili kutoka ndani, na uji robo kikombe kwa siku kwa sababu chakula hakipiti. Mtu anatoka wodini na mapaja yamelegea. Mapaja yaliyolegea yakipewa kazi hushindwa kutumia oksijeni vizuri, hutoa asidi mapema, na ubongo ukiinusa asidi hiyo kwenye damu huamuru kuhema kwa nguvu. Mgonjwa anatweta, anaogopa, anasema ugonjwa umerudi. Kumbe ni miguu inayolia kupitia kifua.

Kuna kipimo cha kuijua miguu yako ambacho hakihitaji hata senti. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, inuka wima na ukae tena, uhesabu umefanya mara ngapi kwa sekunde 30. Awepo mtu karibu, na kiti kiegemee ukuta. Wiki ile ya mlima mdogo wangu, mtu wa miaka 41 aliyekuwa akibeba mbao za paini kutoka Mufindi begani, aliinuka mara 8 na kuishia hapo. Tuliiandika namba hiyo kwenye daftari lake la vipimo vya milango, na imetusaidia kuliko maneno yote, maana mtu anayepona polepole haoni kwamba anapona mpaka aone namba.

Halafu kuna hewa yenyewe ya huku kwetu. Iringa mjini iko kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Mbeya kama 1,700, Njombe karibu 2,000, na ukipanda hadi Kitulo unafika kwenye 2,600. Hewa ya Kitulo ina oksijeni kwa sehemu ileile ya asilimia 21 kama ya Dar es Salaam. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, na mgandamizo ndio unaoisukuma oksijeni ipenye kwenye damu. Iringa na Mbeya kila pumzi inabeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na pwani, na Kitulo pungufu kwa karibu robo. Mtu mzima aliyezaliwa huku hajui hata kama kuna upungufu, maana mwili wake ulishajipanga zamani. Mwenye mapafu yenye tope anaujua.

Hili lina maana kubwa kwa mgonjwa aliyetibiwa Dar es Salaam akaruhusiwa kurudi nyumbani. Asubuhi pale stendi anatembea vizuri, anapanda basi, linapita Mikumi, linajivuta kwenye kona za Kitonga, na jioni akishuka Iringa anahisi kama mtu amemkalia kifuani. Familia inaingiwa na hofu. Huenda ugonjwa haujarudi, ila amepandishwa zaidi ya mita elfu moja ndani ya siku moja, na mwili unahitaji muda wa kuzoea. Siku nne tano za kwanza ziwe za kutembea ndani na uani tu. Hata hivyo, akitweta akiwa amekaa, midomo ikibadilika rangi, au akichanganyikiwa, huo mwinuko hautoshi kuwa sababu. Apelekwe hospitali usiku huohuo.

Tangu wakati wa korona, familia nyingi zina kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni. Ni kitu kizuri, ila kina mitego mitatu ambayo muuzaji hakuambii. Kwanza, namba zinazotangazwa kuwa za kawaida, 95 hadi 100, zilitokana na watu wa tambarare. Mtu mzima mwenye afya Mbeya anaweza kusoma 94 na asiwe na shida yoyote. Njia nzuri ni kuwapima wazima wa nyumba hiyo, ujue kwenu kawaida ni ngapi. Pili, kidole cha baridi kinasoma vibaya, na hina au rangi ya kucha inaweza kukipotosha. Asubuhi ya Julai, sugua mikono mpaka ipate moto ndipo upime. Tatu, na hili linatuhusu sana: vifaa hivi huelekea kusoma juu kuliko hali halisi kwenye ngozi nyeusi. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba upungufu mkubwa wa oksijeni uliojificha nyuma ya namba nzuri ulitokea kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Kwa hiyo usiitegemee namba moja. Angalia namba inavyokwenda. Mtaalamu wetu alitufundisha kupima ukiwa umetulia, kutembea, na kupima tena kabla pumzi haijatulia. Ikishuka kwa pointi nne au zaidi, au ikienda chini ya 90, zoezi la siku hiyo limeishia hapo, na ikijirudia siku ya pili nenda kamwone daktari.

Lipo na la mkaa. Kipupwe cha Makete, Njombe na Mbeya kinawafanya watu waingize jiko chumbani na kufunga madirisha. Moshi usioonekana wa mkaa, kaboni monoksaidi, hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kila mwaka unaua watu wakiwa usingizini. Kwa anayepona mapafu hatari ni mbili, maana hata kidogo chake kinakula ile akiba ndogo ya oksijeni aliyonayo. Na kifaa cha kidoleni hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu hii. Kitakuonyesha 98 wakati mtu anazimika. Mama yetu, kwa upendo wake wote, alikuwa akimwekea mdogo wangu jiko la mkaa miguuni kila jioni. Tulilitoa nje, tukamnunulia soksi za sufu na blanketi la pili.

Mgonjwa akirudi nyumbani hupokewa na washauri wawili. Wa kwanza ni kama mama: "Mwanangu, lala, usiguse kitu." Wa pili ni jirani mmoja anayependa mpira, aliyekuja na koti zito mkononi: "Vaa hili, kimbia, toa jasho, ugonjwa utoke." Wote wanampenda, na kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Mama yuko sahihi kwa siku za homa. Ukiwa na joto mwilini, moyo tayari unafanya kazi ya ziada, na baadhi ya maambukizi, hasa ya virusi kama mafua makali na korona, yanaweza kuuvimbisha msuli wa moyo wenyewe. Kumkimbiza mtu wa namna hiyo ni kumweka kwenye hatari ya moyo kupoteza mapigo. Lakini homa ikishaondoka, kila siku ya ziada ya kulala bila sababu inaila ile miguu. Jirani naye yuko sahihi kwamba mwili unaotembea hupona vizuri, kwa kuwa ukisimama na kutembea mapafu hufunguka hadi chini na makohozi hupanda. Alichokosea ni jasho. Jasho halitoi bakteria kwenye mapafu. Linatoa maji na chumvi, na mgonjwa aliyekaukiwa maji hata makohozi yake huganda yasitoke.

Basi unaanzia wapi? Kwenye siku ambayo umekaa bila homa bila kumeza dawa ya kuishusha, na unaweza kuoga, kuvaa na kuzunguka ndani ya nyumba bila kutweta. Kabla ya hapo, kazi yako ni kukaa wima mara nyingi kuliko kulala, kuchezesha vifundo vya miguu damu isigande, na kuvuta pumzi ndefu mara kumi kila saa unapokuwa macho. Puani polepole, shikilia sekunde mbili tatu, toa kwa midomo iliyobanwa kama unapoza uji wa moto. Mkono mmoja uweke tumboni. Ukivuta, mkono uinuke. Ukiona ni mabega tu yanayoinuka, unatumia misuli midogo ya shingo, na hiyo huchoka upesi. Wagonjwa wengi hujifunza wodini kuhema kifupikifupi kwa ajili ya yale maumivu ya ubavu, na mazoea hayo hubaki hata maumivu yakiondoka. Mdogo wangu alihitaji wiki mbili kuyaacha.

Kipimo cha ukali wa zoezi ni mdomo wako. Ukitembea na unaweza kusema sentensi nzima, uko salama. Ukilazimika kuikata sentensi katikati uvute hewa, punguza mwendo. Sisi tuliongeza na namba. Kuna kipimo cha Msweden Gunnar Borg kinachomtaka mtu aseme kutoka 0 hadi 10 anahema kwa uzito gani: 0 ni mtu aliyetulia, 3 ni wastani, 5 ni uzito, 10 ni mwisho wa mwili. Nilikuwa nikimuuliza njiani, "Ngapi?" naye ananijibu. Mwanzo hatukuruhusu zaidi ya 3. Nilishangaa jinsi alivyokuwa akinidanganya siku za kwanza, anasema 2 huku kola ya shati inaruka, kwa sababu mwanaume wa kwetu hufundishwa kutosema amechoka. Ilibidi tukae tuzungumze. Namba ya uongo haimsaidii mtu.

Tafuta mahali tambarare, na Iringa si kazi rahisi. Tulikwenda uwanjani, ambako mzunguko mmoja ni kama mita 400 na kuna pa kukaa kila unapotaka. Dakika tano asubuhi, tano jioni, kwa wiki nzima. Wiki iliyofuata dakika nane, kisha kumi. Mwongozo uliochapishwa na madaktari wa Uingereza mwaka 2021 kwa waliougua korona unapendekeza kukaa angalau siku 7 katika kila hatua kabla ya kupanda nyingine, na mtaalamu wetu aliufuata mwendo huohuo kwa nimonia. Ulipofika wakati wa kuongeza kasi, hatukuiongeza kwa mfululizo. Alikwenda haraka dakika tano, akapumzika, akaenda tena dakika tano.

Hukumu ya zoezi huitoa kesho. Jambo hili lilitugharimu kulielewa. Wiki ya sita mdogo wangu alijisikia vizuri sana, akashinda karakanani akipiga msasa meza ya mteja. Jioni alikuwa mchangamfu. Kesho yake hakuinuka, na keshokutwa pia, mwili mzima umekuwa kama uliopigwa. Mtu anayepona anaweza kukopa nguvu leo, na deni likaja baada ya saa 24 au 48. Kwa hiyo usiulize jioni umejisikiaje. Uliza kesho asubuhi: Nimelala vizuri? Mapigo ya moyo kabla sijainuka ni yaleyale ya jana? Kikohozi kimeongezeka? Majibu yakiwa mazuri, endelea. Yakiwa mabaya, rudi nusu ya ulichofanya, ukae hapo siku kadhaa. Kurudi nyuma wiki moja kulimuumiza sana moyoni, nakumbuka, lakini baada ya hapo hakuanguka tena.

Tukio la msasa lilinifundisha na jambo jingine, nalo naona miongozo ya wataalamu hailizungumzi vya kutosha. Kwa wengi wetu mazoezi ni kazi, na kazi haina hatua ya kwanza. Mama wa Makete anayetoka wodini anakuta kisima palepale kilipo, kuni hazijapasuliwa, na shamba la viazi linasubiri palizi. Kutembea tambarare kunatumia nguvu kama mara tatu ya kukaa. Kulima kwa jembe la mkono kunatumia mara tano au zaidi, na kupanda mlima na mzigo kichwani kunapita hapo. Yaani tunamwambia mtu "asikimbie kwanza", halafu tunampa jembe. Kama kuna jambo moja familia ifanye, ni kukaa na kugawa kazi zake kwa miezi miwili mitatu: maji achukue mwingine, au yeye abebe lita tano badala ya dumu la ishirini, palizi aifanye nusu saa akiwa amekaa kwenye kigoda, kisha aache. Aache kabla hajachoka. Na mwenye kazi ya vumbi, kama seremala, fundi wa kusaga nafaka au mchoma matofali, avae barakoa na afanyie kazi nje inapowezekana, kwani njia za hewa zilizotoka kuvimba hukereka upesi.

Nguvu za misuli zijengwe pembeni mwa kutembea: kuinuka kitini mara tano, kupumzika, tena mara tano, kusukuma ukuta, kupanda ngazi moja na kushuka huku umeshika kitu. Siku tatu kwa wiki zinatosha. Chakula cha kujenga misuli kipo tele mikoa hii na hakihitaji kopo la dukani: maharage, mayai, maziwa, dagaa, njugu, na parachichi kwa yule ambaye uzito umemshuka. Ale kidogokidogo mara nyingi, maana tumbo lililojaa hukisukuma juu kiwambo cha kifua, ule msuli wa pumzi ulio chini ya mapafu.

Kuna jamii moja ya dawa ambayo kila anayerudi mazoezini anapaswa kuijua. Ni antibiotiki za jamii ya levofloksasini na siprofloksasini, ambazo hutumika kwa baadhi ya nimonia kali na kwa kifua kikuu sugu. Ni dawa za kuokoa maisha, ila zina tabia ya kudhoofisha kano, hasa ile nene ya kisigino. Kwa watu wachache kano hukatika kabisa, wakati mwingine miezi baada ya kumaliza dawa, na hatari ni kubwa zaidi kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na wanaotumia prednisoloni. Angalia karatasi yako ya dawa. Kama uliitumia, usikimbilie kuruka kamba wala mbio za mlimani, na maumivu au uvimbe juu ya kisigino yakianza, acha zoezi na umwone daktari. Kama bado unaimeza, mweleze upesi akupe mwelekeo, usiiache kimyakimya.

Dalili za kuacha zoezi palepale na kwenda hospitali ni hizi: maumivu ya kubana katikati ya kifua, moyo kwenda mbio bila mpangilio, kizunguzungu au kuzimia, damu kwenye makohozi, pumzi kukata ghafla bila sababu, au mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, ambayo inaweza kuwa damu iliyoganda. Homa iliyorudi baada ya kuondoka nayo si ya kusubiri. Usaha unaweza kujikusanya kati ya mapafu na ukuta wa kifua, na huo hautolewi kwa vidonge peke yake.

Na kikohozi kikizidi wiki mbili, jasho likikutoa usiku na uzito ukishuka, nenda upime kifua kikuu, hata kama uliambiwa ni nimonia. Vipimo na dawa zake Tanzania ni bure. Ukikutwa nacho, matibabu ya kawaida ni miezi 6, na mazoezi hayakatazwi, ila wiki za mwanzo tembea peke yako nje kwenye hewa, mbali na jimu na vyumba vilivyofungwa, mpaka daktari aseme huambukizi tena. Wapo wanaomaliza dawa wakiwa wamepona vijidudu lakini mapafu yamebaki na makovu. Hao pumzi yao ya zamani inaweza isirudi yote, ila miguu iliyofundishwa vizuri huitumia vizuri hiyo iliyobaki. Na aliyeugua nimonia akiwa bado ana dalili baada ya wiki 6, au anavuta sigara, au amevuka miaka 50, aulizie kupigwa tena picha ya kifua, kwa sababu wakati mwingine nyuma ya nimonia kuna jambo jingine limejificha.

Wiki ya 14 baada ya kutoka hospitali, mdogo wangu aliinuka kitini mara 15 kwa sekunde 30. Siku iliyofuata tulikutana karakanani saa kumi na moja jioni, akafunga, akajipangusa vumbi la mbao, tukaanza kupanda. Tulikubaliana kusimama kila kona, achoke asichoke: hatua mbili kuvuta, hatua tatu kutoa. Kwenye kona ya kwanza, pale kwenye mtaro, alisimama wima, mkono tumboni, akapuliza kama anayepoza uji. Sikumuuliza. Alinitazama akasema mwenyewe, "Nne, kaka." Tukangoja ishuke hadi mbili, ndipo tukaendelea.